Siku Nilipoanika Ndagala Makumbusho

Kwanza msicheke. Najua vijana wa kanisa mnasema huyu Fiston ana miaka thelathini na mbili, ndevu zenyewe bado zinajaribu, mstaafu wa nini? Mi nawaambia nimestaafu. Nilifanya kazi miaka sita ndani ya stoo ya makumbusho kule Smithfield, huku huku kwenye nchi ya kangaruu, nikatoka na barua na kipande cha keki. Keki ilikuwa ya mtu mwingine, lakini nilikula. Mtu akitoka kazini na barua mfukoni na keki tumboni, huyo amestaafu. Umri ni mambo ya kadi.

Pasta ndiye ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi za maghala. Nikamwambia, Pasta, mi niliishia darasa la sita kule kambi ya wakimbizi, nikiandika ni kama ninaongea tu. Akasema andika hivyo hivyo. Donc, kwa hiyo mkikuta makosa, mpelekeeni yeye.

Ninyi mnafikiri makumbusho ni ile nyumba ya mjini yenye nguzo, watoto wa shule wamepanga mstari na kofia zao. Ile ni duka tu. Vitu vyenyewe viko Smithfield, kati ya kiwanda cha madirisha na ghala la matairi, ndani ya jengo la bati ambalo ukipita nje utafikiri wanauza mabomba. Ndani kuna hewa safi, baridi kidogo, haibadiliki mchana wala usiku. Kila kitu kina sanduku lake, godoro lake, namba yake. Siku ya kwanza niliangalia zile rafu nikawaza, hivi vitu vinaishi vizuri kuliko sisi tunaokaa Campbelltown, na havikujaza fomu hata moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rashidi, Mtanzania wa Tanga. Mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kubeba mbao. Kiswahili changu cha Uvira kilikuwa kinamuumiza kama jino. Nikisema "Mzee, tubebe ile vitu," anaganda. Habebi. Anasubiri kwa heshima kabisa mpaka nijirekebishe, na mi mikono inakatika. Lakini kazi aliijua, na kazi yenyewe, niwaambie, si nguvu.

Somo la kwanza la Mzee: kabla hujabeba, tembea mikono mitupu. Unaenda mpaka kitu kinapokwenda, unafungua milango, unaangalia kama kuna waya sakafuni, unaandaa pa kukiweka. Halafu unarudi ndio unabeba. Mi niliona ni uvivu wenye adabu. Wiki hiyo hiyo nikabeba sanduku refu, nikafika kwenye mlango uliofungwa, nikasimama pale robo saa nzima kama nguzo ya umeme, hakuna pa kuweka, hakuna wa kufungua. Mzee alinipita mara mbili. Alinisalimia.

Somo la pili: chungu hakibebwi kwa sikio. Unakibeba kama mtoto mchanga, mkono mmoja chini, mwingine ubavuni. Hilo nililijua baada ya kukibeba kwa sikio. Chungu kilibaki mezani, sikio likaja na mimi. Nimesimama nimelishika hivi, kama mtu anayepokea simu. Nikasubiri matusi. Mzee akaenda akaleta karatasi na penseli, maana kalamu ya wino ni marufuku mle, ikivuja inaua. Akasema, "Andika ulichofanya, saa ngapi, na namna ilivyotokea."

Nikamuuliza kama nitafukuzwa.

"Kuvunja tumevunja wote, hata mimi," akasema. "Lakini ukificha, atakayekuja baada yako atatafuta sababu mpaka azeeke. Andika."

Nikaandika mistari mitatu. Akaweka kwenye faili. Mchana tukala pamoja.

Bon, haya. Halafu akaja Maren.

Maren alitoka Norway, msichana mrefu, daftari kubwa, viatu vya kupandia milima ndani ya Smithfield ambako kilima kikubwa ni kile cha kupunguza mwendo wa magari. Alikuwa anasomea udaktari. Si wa hospitali. Udaktari wa makumbusho. Nilifikiri ananitania, nikampigia binamu yangu Olive, kwa sababu Olive anaishi Norway. Tulikuwa hema moja kambini, UN wakamtupa yeye kwenye theluji na mimi kwenye kangaruu.

"Ni kweli," Olive akasema. "Huku Norway, Sweden, Denmark, vyuo vyote vina hao watu. Wanaandika vitabu vinene kuuliza makumbusho ni nini."

"Na hawajui?"

"Wakijua si watafunga chuo?"

Basi Maren akawa anakaa kwenye kiti karibu na lango la mizigo, anatuangalia tukibeba. Alinielezea vizuri, na mi si mjinga, nilielewa. Zamani huko kwao walisomea namna ya kutunza kitu kisioze. Sasa wanasomea ni nani anazungumza ndani ya makumbusho na nani ananyamazishwa. Mzee Rashidi alisikiliza akiwa na ufagio, akauliza kwa upole kama kuna mahali wanasomea kufagia. Maren akasema kuna sura moja inakuja. Mzee akashukuru, akaendelea kufagia.

Siku moja akaniuliza, "Fiston, ukibeba kitu cha kale, mwilini unahisi nini?"

Nikamwambia nahisi mgongo.

Aliandika. Wiki iliyofuata akanionyesha, mgongo wangu umetoa kurasa mbili, eti mwili wa mfanyakazi ni kumbukumbu isiyoandikwa. Nikasema kama ni hivyo niandikie na goti.

Lakini kabla ya kuandika lolote alitusainisha fomu ya kurasa sita. Iliapa kwamba jina letu halitatoka, na tulichosema au kufanya mbele yake hatakipeleka kwa bosi wala kwa yeyote mpaka sisi wenyewe turuhusu. Kwenye daftari mi niliitwa Mshiriki wa Saba. Mzee alikuwa Mshiriki wa Pili. Sikujua wengine walikuwa wapi, maana mle tulikuwa wanne. Ikumbukeni hiyo fomu.

Sasa ndagala, ambazo Mzee Rashidi huziita dagaa. Mnazijua, mmekua kwazo, hata ninyi ambao mama anawasemesha Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza, zikifika mezani mnanyamaza. Mama yangu alinunua gunia dogo kwenye duka la Waafrika, na ilikuwa baridi ya Julai, gunia likapata unyevu. Ukilifungua, unaviona vile vidudu vyeusi kama punje ya mchele iliyoungua, na watoto wao wenye manyoya kama brashi ya chupa. Kwetu hilo si tatizo. Unamwaga ndagala kwenye mkeka, unaanika, jua linawapiga, wadudu wanaondoka, basi. Mama alifanya hivyo, bibi alifanya hivyo.

Ila baraza ya nyumba yetu inaangalia kusini, na huku jua halipiti kusini. Na jirani wa juu alishalalamika harufu mara mbili. Mama akanipigia simu kazini.

"Fiston, huko kazini kwenu kuna jua?"

Lango la mizigo linaangalia kaskazini, jua linakaa pale kuanzia saa nne mpaka saa tisa kama limeajiriwa. Siku ya pili nikaja na gunia. Nikachukua ile karatasi nyeupe laini ya kufungia vitu vya thamani, nikawaza, kama inafaa nguo za wafalme, itashindwaje na ndagala. Nikatandaza. Nikawa nazigeuza kila baada ya nusu saa kwa mikono yenye glavu, maana kazi ni kazi. Siku tatu mfululizo.

Maren alifurahi mpaka akapiga picha. Aliniuliza nani alinifundisha, bibi yangu alikuwa anasimama wapi, kwa nini nazigeuza hivyo. Kurasa nne. Aliita urithi ulio hai. Nikamwelezea jua linavyofukuza wadudu, wanaondoka wenyewe bila dawa. Akaandika, bila dawa, akapiga mstari chini.

Hakuniuliza wanaenda wapi. Na mi katika maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza. Kwetu wanaenda nje, nje ni kubwa. Pale Smithfield, nyuma ya mgongo wangu, hatua sita, kulikuwa na mlango wa stoo uliofunguliwa nusu. Ndani ni giza, kumetulia, na kumejaa ngozi, sufu na manyoya ya ndege. Ungekuwa mdudu ungeenda wapi?

Mzee Rashidi siku hizo hakuwepo. Alikuwa hospitali ya Westmead wanamtoa mtoto wa jicho. Kabla ya kwenda aliniachia neno moja. Chini ya milango ya stoo kuna mitego, vikaratasi vya gundi, na kila Alhamisi vinakaguliwa, unahesabu wadudu na kuandika kwenye karatasi ya ukutani. Akasema, "Alhamisi unikagulie mitego, kijana." Nikasema ndiyo Mzee. Alhamisi nilikuwa nageuza ndagala.

Ilipita miezi miwili hivi. Mzee amerudi na jicho jipya, anaona mpaka vumbi nisiloliona. Alikuwa amebakiza wiki sita kustaafu, kustaafu kwa kweli, baada ya miaka zaidi ya ishirini mle ndani. Na siku yake ya mwisho ilikuwa imepangwa. Kulikuwa na joho la manyoya ya ndege, jekundu, kutoka visiwa vya huko Pasifiki, na wajukuu wa waliolishona walikuwa wanakuja kuliona kwa mara ya kwanza. Mzee ndiye aliyeandikiana nao barua miaka na miaka. Yeye ndiye angewafungulia droo. Alikuwa ameshanunua na tai.

Akafungua droo kukagua. Nilikuwa nyuma yake na toroli. Upande mmoja wa joho manyoya yalikuwa yamekatwa kama kwa mkasi, chini kuna unga kama mchanga, na katikati ya ule wekundu kuna vingozi vidogo vyenye manyoya kama brashi ya chupa.

Mi nilimtambua yule mdudu kama unavyomtambua jirani wa zamani stesheni. Mzee alifunga droo polepole, akashika pembeni ya rafu.

Bosi wetu, mama mmoja mpenda mikutano, aliita mkutano. Karatasi ya mitego ikaletwa mezani. Ile Alhamisi ilikuwa nyeupe. Bosi akauliza ni kazi ya nani.

"Ni yangu, hata nisipokuwepo," Mzee Rashidi akasema. "Sikuandika."

Jina langu hakulitaja. Nilikaa pale, kiti cha nne, nimeangalia meza. Bosi akasema kutakuwa na uchunguzi, na mpaka uishe Mzee asiingie stoo, na wajukuu wataandikiwa kwamba ziara imeahirishwa. Hakuwa mkali. Mzee akatoa funguo mfukoni, akazipanga mezani moja moja, kubwa mpaka ndogo, akaomba ruhusa aende.

Sasa mtaniuliza, ulisema siku hiyo hiyo? Hapana. Nilinyamaza siku mbili. Mi nilikuwa wa kuitwa kazini, si wa kuajiriwa. Wa kuitwa akikosea hafukuzwi, simu inaacha tu kulia. Na nina Mama nyumbani. Nilijiambia mzee atastaafu tu, pensheni yake ipo, watasahau. Kwenye treni ya kurudi Campbelltown, safari ndefu vile, nilijitetea stesheni kwa stesheni, na kila stesheni nilishinda kesi.

Siku ya tatu Maren alinikuta penye birika. Macho mekundu. Tuliongea kwa Kiingereza chetu cha wageni wawili.

"Picha za samaki ninazo," akasema. "Na tarehe. Nimelinganisha."

"Basi mpelekee bosi."

"Siwezi. Ulisaini."

"Mi nakuruhusu kuichana."

"Haichanwi hivyo. Kuna kamati chuoni, mpaka wakutane." Akakaa chini. "Kitabu changu chote kinauliza nani ananyamazishwa makumbusho. Mshiriki wa Pili amenyamazishwa mbele yangu, na mimi nimekaa, nimefuata fomu."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, wa kamati na birika. Nikauangalia uso wake, nikaumeza. Ndio mzaha pekee niliowahi kumeza, na ulikuwa mzuri.

Nikatafuta penseli. Nikaandika nilichofanya, saa ngapi, na namna ilivyotokea. Ndagala, lango la mizigo, karatasi nyeupe, mlango nusu wazi, siku tatu. Na mstari wa chini: Alhamisi Mzee Rashidi aliniagiza nikague mitego, nikasahau. Halafu, msicheke, nikatembea mikono mitupu kwanza. Nilienda mpaka mlango wa ofisi ya bosi, nikaona uko wazi, nikaona kiti, nikarudi. Ndipo nikaibeba ile karatasi.

Bosi aliisoma mara mbili. Akauliza ndagala ni nini. Nilikuwa na chakula cha mchana mkononi, nikafungua kopo. Bosi akamtazama yule samaki mdogo na yule samaki mdogo akamtazama. Dakika hiyo hiyo walikuja watu wenye glavu, kopo langu likatiwa kwenye mfuko wa plastiki, likazibwa, likaandikiwa namba, likaingizwa kwenye friza kubwa ya kuulia wadudu wiki mbili, pembeni ya joho la manyoya. Bugali wangu pia. Mtoto wa Uvira, nimetoa chakula, kimeandikishwa.

Jioni Mzee alinipigia.

"Umeandika kwa penseli?"

"Ndiyo Mzee."

"Vizuri." Halafu akaongeza: "Dagaa gani hao unaanika bila kuwaosha?"

Ndipo nikajua amenisamehe, maana alianza kunisahihisha.

Funguo alirudishiwa, na ziara haikuahirishwa tena. Siku yake ya mwisho ikawa yangu ya mwisho pia. Bosi alinipa barua ya adabu, inasema kwa sasa hawana haja ya kuniita. Wajukuu walikuja watano na bibi yao, wamevaa vizuri. Mzee na tai yake akawafungulia droo, na kabla hawajauliza akawaonyesha upande ulioliwa, akawaambia yote, mpaka samaki. Kijana mmoja kati yao akatoka nje, na sikumlaumu. Bibi yao alibaki ameweka mkono juu ya manyoya bila kuyagusa, kwa muda mrefu. Halafu akauliza ni nani mwenye samaki. Mzee akanionyesha, nimejibanza mlangoni na sahani ya keki.

"Walikuwa watamu?" bibi akauliza.

Nikamwambia sijui, wiki mbili zimepita na hakuna aliyewatoa kwenye friza.

Alicheka kidogo, akasema kwao pia huanika samaki, na huweka mbali na nyumba. Mbali, alisema, na akanitazama mpaka nikaiweka keki chini.

Sasa hivi nasukuma vitanda vya wagonjwa. Wenzangu wananishangaa, kabla ya kumchukua mtu natembea korido nzima mikono mitupu nafungua milango. Wanafikiri nasali. Hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kukwama mlangoni. Kitabu cha Maren kilitoka, Olive alikiona kwenye maktaba ya huko. Kuna picha ya mikono yenye glavu inageuza ndagala, chini imeandikwa Mshiriki wa Saba. Olive alinitambua kwa namna nilivyokunja suruali. Na Maren ameweka sura nzima kuhusu ile fomu, anajisema mwenyewe vibaya, kurasa arobaini. Watu wa huko kumbe nao wanaandika walichovunja, ila wao karatasi zao ni ndefu.

Kwa hiyo vijana, ndagala zianzie friza, wiki mbili, zimezibwa. Halafu ndio jua. Na kokote mtakakofanya kazi, kitu kikiondoka mbele ya macho yenu, ulizeni kinakwenda wapi.

Mzee Rashidi huja kwetu Jumapili baada ya ibada yetu, yeye akiwa ametoka kwenye mambo yake. Mama anapika ndagala na sombe, majani ya muhogo. Mzee hakai mezani moja kwa moja. Anavua miwani, anapiga magoti kwa shida, anavuta mtego wa gundi alioubandika mwenyewe chini ya kabati letu, anaugeuza kwenye mwanga. Ukutani kuna karatasi. Ananipa penseli, na mi naandika tarehe, halafu naandika: hakuna. Anasoma, anaangalia kama kuna siku niliyoruka, kisha ananawa mikono, tunakula.